Waliofika na Wasiofika: Safari za Kukamata Wanyama Hai



Kibao kinachotundikwa kwenye banda la mnyama huko Ulaya au Marekani huwa na maneno machache: jina la mnyama, jina lake la kisayansi, bara alikotoka, na mara nyingine jina la tajiri aliyetoa fedha. Jioni hii nataka tuzungumzie yale ambayo kibao hakisemi. Nani alimkamata mnyama huyo? Mama yake aliishia wapi? Waliokamatwa pamoja naye walikuwa wangapi, na wangapi walikufa kabla ya kuiona meli? Hoja yangu ni moja, nami nitaitaja mapema ili asiyeikubali aanze kuandaa maswali yake: historia ya bustani za wanyama imeandikwa kwa hesabu ya waliofika, na hesabu hiyo ni pungufu.

Kusafirisha mnyama hai kwenda ng'ambo hakukuanza na wakoloni. Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, miaka zaidi ya 80 kabla Vasco da Gama hajatia nanga pale. Ilikuwa zawadi ya dola kwa dola, na mnyama wa namna hiyo alikwenda mmoja mmoja, kwa heshima zote. Hata karne nne baadaye mtindo ulikuwa bado ni huohuo. Twiga aliyeshuka Marseille Oktoba 1826, zawadi ya Muhammad Ali wa Misri kwa mfalme Charles wa Kumi wa Ufaransa, alikamatwa Sudan akiwa ndama baada ya mama yake kuuawa. Alibebwa mgongoni mwa ngamia, akateremshwa Nile kwa mashua, akavushwa Mediterania katika meli iliyotobolewa sitaha ili shingo ipate pa kutokea. Ng'ombe wa maziwa walisafiri naye. Mwaka 1827 alitembea kwa miguu kutoka Marseille hadi Paris, karibu kilomita 900, watu wakijazana njiani kumtazama. Aliishi Paris hadi 1845, akihudumiwa na Msudani aitwaye Atir. Huyu Atir ni mmoja wa wachache sana ambao jina lao limesalia.

Kilichobadilisha mambo ni kiingilio. Mwaka 1850 kiboko mchanga aliyekamatwa katika Nile Nyeupe, Obaysch, aliwekwa katika bustani ya wanyama ya London, na idadi ya watazamaji ikapanda maradufu mwaka uleule. Kila mji mkubwa wa Ulaya sasa ulitaka bustani yake, na kila bustani ilitaka kiboko wake, twiga wake na tembo wake. Zawadi za wafalme zisingetosheleza mahitaji hayo. Palihitajika wafanyabiashara.

Mkubwa wao alikuwa Carl Hagenbeck wa Hamburg. Baba yake alikuwa muuza samaki. Mwaka 1848 wavuvi walimletea sili 6 walionaswa nyavuni. Badala ya kuwachuna, mzee akawaweka ndani ya beseni kubwa la mbao na kutoza watu fedha kuwatazama. Mwanawe, aliyezaliwa 1844, aliirithi biashara hiyo na kuikuza hadi ikashinda zote za aina yake duniani. Naomba tukae kidogo na safari yake ya 1870, kwa kuwa yeye mwenyewe aliisimulia kwa kirefu, na maelezo yake yanatuonyesha kazi ilivyofanyika.

Mwaka huo Lorenzo Casanova, Mwitaliano aliyemnunulia wanyama Sudan, alimwandikia kwamba yuko njiani na shehena kubwa lakini ni mgonjwa, aje wakutane Suez. Hagenbeck alipofika alimkuta Casanova yu mahututi, na haukupita muda mrefu akafa. Huku nyuma uwanja umejaa tembo, twiga, swala, fisi, simba na mbuni, wote wana njaa, wote wanapiga kelele. Kati yao lilikuwapo kundi kubwa la mbuzi. Wageni hudhani mbuzi hao walikuwa chakula cha wasafiri, kumbe hawakuwa wa watu. Walikamuliwa asubuhi na jioni ili ndama wa twiga na wanyama wengine wachanga wapate maziwa. Na mbuzi akikauka maziwa, alichinjwa akapewa simba na chui wadogo. Msafara wa wanyama hai, kwa maneno mengine, ulikuwa zizi linalotembea, na zizi halitembei bila wachungaji. Kulikuwa na wakamuaji, wakata majani, wachota maji, walinzi wa usiku, na watu wa kuwaongoza tembo kwa kamba hadi kituo cha reli, na kutoka hapo hadi Alexandria na kupanda meli ya Trieste.

Rudini nyuma zaidi, kabla ya Suez. Wanyama hao walitoka pande za Kassala. Waliowakamata walikuwa wapanda farasi wa Kihamrani, mabingwa wa upanga, waliojua kumfuata tembo au twiga mbio hadi wamkate kano za mguu wa nyuma. Mkubwa akianguka, mtoto aliyebaki amesimama kando yake alifungwa kamba. Ndiyo sababu mabanda ya Ulaya yalijaa wanyama wachanga: mnyama mzima alikuwa mkali, mzito, na twiga mzima hapiti kwenye behewa wala ghala la meli. Kila ndama aliyeuzwa Hamburg aliacha nyuma angalau mzoga mmoja porini, na mara nyingi zaidi ya mmoja, kwa maana tembo hawamwachi mtoto wao kirahisi.

Kisha safari ya jangwani hadi bandari ya Suakin, usiku kwa usiku kulikwepa jua. Mtoto wa kiboko alibebwa kwenye machela iliyofungwa kati ya ngamia wawili, na ngamia wengine walibeba maji ya kunywa na ya kumwogesha, ngozi yake isipasuke. Wengi walikufa njiani, na Hagenbeck hakulificha hilo. Mfanyabiashara huyu alijua hesabu yake vizuri: bei ya Hamburg ililipia waliofika na waliokufa pia. Wanunuzi ndio ambao hawakutaka kuijua.

Vita vya Mahdi vilivyoanza 1881 viliifunga njia ya Sudan. Lakini kabla haijafungwa, njia hiyo ilikuwa imeanza kusafirisha kitu kingine. Baada ya kuwaonyesha Wasami wa kaskazini ya Ulaya mwaka 1874, Hagenbeck aliona kwamba watu huvutia watazamaji kuliko wanyama, naye akawaleta Wanubi pamoja na ngamia na twiga wao. Maonyesho ya makoloni ya Berlin mwaka 1896 yalikuwa na watu zaidi ya 100 kutoka makoloni ya Ujerumani, Waswahili na Wamaasai wakiwamo. Na Septemba 1906 bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ilimweka Ota Benga, kijana kutoka misitu ya Kongo, katika nyumba ya nyani. Wachungaji wa makanisa ya Wamarekani weusi walipinga kwa nguvu hadi akatolewa. Alijiua mwaka 1916. Wapo wenzangu wanaosema jambo hili lina historia yake pekee na tusilichanganye na la wanyama. Sikubaliani nao. Walikuwa mawakala walewale, meli zilezile na kiingilio kilekile. Kukamata na kuonyesha kulikuwa kumeshakuwa mazoea, na mazoea hayakujiwekea mpaka.

Sasa tuje nyumbani, hapahapa Dodoma.

Mwaka 1926 William Mann, mkurugenzi wa bustani ya taifa ya wanyama ya Washington, alikuja Tanganyika na msafara ulioitwa kwa majina mawili, la taasisi ya Smithsonian na la Walter Chrysler, mtengeneza magari aliyetoa dola 50,000. Mann alikuwa ameshika ukurugenzi mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Kwa elimu yake alikuwa mtaalamu wa sisimizi. Bustani yake haikuwa na twiga wala kifaru, na aibu hiyo ndiyo iliyomleta. Alifuatana na Stephen Haweis, msanii, Frederic Carnochan, mtaalamu wa wanyama, na Arthur Loveridge, aliyewahi kuwa ofisa wa wanyamapori wa Tanganyika kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1924. Walishukia Dar es Salaam, wakapanda treni, wakaweka kambi yao hapa Dodoma.

Kwa nini Dodoma? Jibu ni reli. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilimwezesha mtu kumtoa mnyama mbuga za Ugogo na kumfikisha bandarini bila msafara wa miguu wa majuma mengi. Zaidi ya hapo, nchi hii ni ya wazi na kavu, mnyama huonekana kwa mbali. Na ilikuwa na watu walioijua.

Hapa naomba niwe mkali kidogo. Picha za safari kama hizi humwonyesha mzungu mwenye kofia akiwa ameshika kamba ya mnyama. Ukweli wa kazi ya nyavu ni kwamba haifanywi na mtu mmoja wala watano. Nyavu hufungwa kwenye miti kwa urefu mkubwa, kisha watu wengi hujipanga mbali, wakaja wakipiga kelele na kuwaswaga wanyama taratibu, mstari usikatike, maana swala akiona upenyo mmoja kundi zima limepotea. Anayejua upepo unavuma wapi, swala wananywa wapi na njia yao ya kukimbilia ni ipi, ni mchungaji wa pale. Mnyama akinaswa, kuna wa kumkalia shingoni asijivunje, wa kumfunga miguu, wa kumfunika macho. Baadaye kuna wa kujenga boma, wa kukata majani asiyoyakataa, na wa kukesha. Mtaalamu wa sisimizi wa Washington angeyajua haya kutoka wapi?

Na kuna wanyama ambao Wamarekani hawakuhitaji hata kuwafuata. Ukishatangaza kwamba unanunua, watu hukuletea. Kobe, ndege, mijusi na vicheche huja mlangoni ndani ya vikapu na vibuyu, watoto wakitangulia. Ugogo ni nchi ya yule kobe bapa anayejibanza kwenye nyufa za mawe. Kumtoa humo bila kumvunja gamba ni kazi ya anayeijua miamba yake.

Orodha inayonukuliwa kila mahali kuhusu msafara huo ni ya waliofika Washington: mamalia 158, ndege 562, nyoka 56, mijusi 12, kobe 393 na chura mmoja. Twiga wawili walipokewa kwa shangwe. Ni orodha iliyoandikwa vizuri, kila kundi na idadi yake, hata chura yule mpweke hakusahauliwa. Lakini tafuteni orodha ya pili, ya mikono iliyowaleta. Ni watu wangapi wa Dodoma, Kondoa au Tabora walipewa ujira, na kiasi gani? Swali hilo halijibiwi na kibao chochote.

Simhukumu Mann kama jangili. Alikuwa na vibali, aliwapenda wanyama wake, na kwa viwango vya wakati wake alikuwa mwangalifu. Mwenzake Carnochan hata alivutiwa na Wayeye, wale mafundi wa nyoka wa Unyamwezi wenye dawa zao na miiko yao, na mwaka 1935 akatoa kitabu juu yao. Ndani yake mna mambo ya kweli na mengine ya kuongeza chumvi, lakini angalau alikiri kwamba elimu ya nyoka ilikuwapo hapa kabla yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili nyavu na farasi viliachia nafasi lori. Kenya kulikuwa na ukoo wa Carr-Hartley wa Rumuruti. Upande wetu wa Arusha kulikuwa na Willy de Beer na wengine. Mkamataji hukaa kwenye kiti kilichofungwa pembeni ya gari akiwa na mti mrefu wenye kitanzi. Dereva humfukuza twiga au kifaru hadi wawe sambamba, kisha kitanzi hurushwa shingoni. Wengi wenu mmeiona kazi hii bila kujua, katika filamu ya Hatari! ya mwaka 1962, iliyopigwa pande za Momella, John Wayne akiwa mkamataji na de Beer akiwa mshauri. Waigizaji waliwafukuza wanyama wa kweli. Wasaidizi Waafrika wanapita pembeni mwa picha, na kama ilivyo desturi ya sinema za aina hiyo, hadithi haiwahusu.

Ambacho filamu haionyeshi ni siku ya pili yake. Mnyama aliyekimbizwa kupita kiasi anaweza kusimama, kunywa maji, kuonekana mzima, kisha akafa baada ya saa kadhaa au siku kadhaa. Misuli huharibika kwa joto na asidi, masalia yake hupita kwenye damu na kuziba figo, mkojo hugeuka rangi ya kahawia, miguu hukakamaa. Madaktari wa wanyama leo wanaujua ugonjwa huu vizuri, na ndiyo maana mnyama aliyepigwa sindano ya usingizi humwagiwa maji na kufunikwa macho. Wakamataji wa zamani walisema tu kwamba moyo umemshinda, wakaenda kukamata mwingine.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia Wambuti wa Ituri, ndugu zetu wanaozungumza nao Kiswahili cha Kongo. Bustani ya Antwerp ilimpata okapi wake wa kwanza mwaka 1919 na hakuishi miezi miwili. Baadaye, katika kituo cha Epulu, njia iliyofaa ilikuwa ya wenye msitu: shimo lililofunikwa vijiti na majani katika njia ambayo okapi huipita mwenyewe. Hakuna mbio. Mnyama anatumbukia, uzio unajengwa kuzunguka shimo, mteremko unachimbwa, naye anapanda kwa miguu yake hadi bomani. Okapi wengi wa bustani za dunia ni wajukuu na vitukuu wa waliotoka pale. Juni 2012 waasi walikivamia kituo hicho wakaua watu na okapi 14 waliokuwa wakitunzwa, na waliobeba mzigo wa msiba ule ni Wakongo wa Epulu.

Sheria zilikuja kwa kuchelewa. Mkataba wa kimataifa wa CITES ulitiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975, na Tanzania ilijiunga 1979. Lakini kibali ni karatasi. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, wakiwamo twiga 4, walipakiwa usiku katika Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro kwenye ndege ya kijeshi na kupelekwa Qatar, na suala hilo likatikisa Bunge. Nakumbuka mzaha wa vijiweni wakati ule, watu wakiulizana twiga anapandishwaje ndege bila mtu kumwona. Mei 2016 serikali ikasimamisha usafirishaji wote wa wanyamapori hai. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, zikikutana Geneva, ziliamua pia kwamba tembo wa Afrika waliokamatwa porini wasipelekwe nje ya maeneo yao ya asili isipokuwa kwa sababu maalumu.

Mtanidhania kwamba napinga kila mnyama kutoka. Basi nimalizie na chura wa Kihansi, ambaye msikilizaji wangu wa mwisho wa ukumbi ameshaanza kumtabasamia.

Chura huyu mdogo sana aligunduliwa na wanasayansi mwaka 1996 katika korongo moja la Udzungwa, na hajapatikana kwingine kokote. Aliishi katika unyevu wa manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, huzaa vyura wadogo waliokamilika. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, sehemu kubwa sana ya maji ya mto ilielekezwa kwenye mitambo, na manyunyu yakakatika. Mwaka 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Bronx, katika bustani ileile iliyomweka Ota Benga. Wengi walikufa, kufikia mwisho wa 2004 walikuwa chini ya 70 katika bustani zote. Watunzaji wakajifunza mwanga, chakula na unyevu unaowafaa, idadi ikapanda. Huku korongoni, ugonjwa wa ukungu nao ulikuwa umeingia, na mwaka 2009 chura huyu alitangazwa ametoweka porini. Mwaka 2010 mia moja walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni, ambako manyunyu sasa yanatengenezwa kwa mabomba.

Tazameni tofauti. Tunajua waliondoka wangapi, walikufa wangapi na wangapi walirudi. Tunajua nani aliwakusanya na kwa sababu gani. Hatujui kama watastawi, lakini hesabu ipo mezani, na yeyote anaweza kuihoji.

Ombi langu kwa wenye mamlaka, na kwenu wanafunzi ambao baadhi mtakuwa maofisa wanyamapori, ni hili. Siku maombi ya kusafirisha wanyama hai yatakapofika tena mezani, yaulizwe mambo manne hadharani: ni wangapi watakimbizwa ili apatikane mmoja, ni wangapi walikufa katika safari ya mwisho ya mwombaji huyo, nani hasa atawakamata na atalipwa kiasi gani, na ni nini kitakachorudi. Mwombaji akishindwa kujibu hata moja, asipewe kibali.